Beringi ya Mbele

Dereva Chitema alisema linalia.
Tangu Gairo, alisema, likipanda, likishuka,
hata likisimama kwenye geti la ushuru:
sauti nyembamba, ya mtoto aliyefungiwa nje.
Nikapanda, gia nikaiweka huru,
nikalisikiliza Bedfodi lililonizidi mwaka mmoja.
Nikasikia injini. Nikasikia upepo wa Kibaigwa
ukipekua mabati ya soko la mahindi.
Kilio sikukisikia.

"Nyemo," nikamwita mwanafunzi wangu, "njoo ukae. Kanyaga klachi."
"Limenyamaza."
"Achia."
"Limeanza tena, fundi. Kwani husikii?"

Miaka thelathini na moja ya nyundo juu ya chuma
haikuniuliza kama masikio haya nina ya akiba.
Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaigusisha giaboksi,
mpini wa mti nikaung'ata,
na hapo kikaja, kwa njia ya mfupa,
mchanga laini unaosagwa nyuma ya jicho.
"Beringi ya mbele," nikasema,
kama mtu aliyesikia.

Tulianza na propela, kisha fimbo ya gia,
kisha boliti nane za kengele; ya saba ina kutu,
ikagoma mpaka tukaipasha moto
na kuitukana kwa Kigogo.
Boksi likashuka juu ya jeki na gogo la mkambala,
Nyemo chali mvunguni, mikono juu,
kama anayepokea mtoto dirishani.

Oili iliyomwagika ilimetameta.
Chitema akasema ni nzuri, ina rangi ya fedha.
Hiyo fedha ndiyo beringi yako, nikamwambia,
inaondoka kidogo kidogo bila kuaga.

Upepo wa Julai hapa hauna adabu.
Tukazungusha turubai, chini tukatandika kanga ya mke wangu,
pula ikavuta, ikavuta,
beringi ikatoka kwa shingo upande.
Nikaizungusha kidoleni. Inakwaruza.
Njia ya gololi imechimbika
kama barabara ya Mpwapwa baada ya masika.

Dodoma mjini dukani zilikuwepo mbili:
ya elfu ishirini na tano, na ya tisini.
"Namba ni ileile," Chitema alilalamika kwenye simu.
Hata mimi na kaka yangu, jina la baba ni lileile;
muulize mama nani alimjengea.
Akanunua ya tisini, akaninunia mpaka magharibi.

Mama Semeni wa chipsi alituazima karai.
"Mnakaanga nini?"
"Chuma."
Akafunika mdomo kwa upande wa khanga, akakaa kutazama.
Beringi ikazama kwenye oili ya moto
mpaka ikatanuka unene wa unywele,
na unywele huo ndio tuliokuwa tukiutafuta.
Koleo! Haraka! Nyemo akaitia shaftini,
ikateleza, ikakaa, tii,
nyundo sikuigusa.
Karai lenyewe hakulitaka tena. Nimelilipa.

Kesho yake, gari zima, gia huru.
"Kanyaga." Akakanyaga.
"Achia." Akaachia, akainamisha kichwa.
"Vipi?"
"Hakuna kitu, fundi."
Kwangu pia hakukuwa na kitu,
ila kitu chake na changu havikuwa kimoja.
Nikaung'ata tena mpini, nikafumba macho.
Mfupa ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi.

Ile ya zamani niliivunja, watoto wa sokoni wakagawana gololi,
wakachezea vumbini mpaka mama zao wakawaita.
Moja, iliyonyofoka ubavuni, imebaki mfukoni mwangu.
Naipapasa kwa kidole gumba hadi nyumbani.

Usiku mke wangu anasema jambo kutoka jikoni.
Naitikia, "Ndiyo."
Anatokea mlangoni, mwiko mkononi, anacheka,
na mimi sijui nimekubali nini.